Mashimo Matano ya Kafutuma

Nimestaafu tangu mwezi uliopita. Siku ya mwisho walinipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu asiyekwenda tena kazini ndiye anayehitaji kujua ni saa ngapi. Mutale, dada aliyerithi meza yangu, ndiye aliyeniomba niandike. Alisema mengi niliyoyajua hayamo kwenye mafaili. Nilimjibu kwamba mafaili yana bahati.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ninyi mtakaosoma mnatoka pande zote mbili za ziwa Mweru. Wa Kilwa na Pweto, upande wa Congo, hawasomi Kibemba, wa Nchelenge hawasomi Kifaransa, na Kiingereza changu ni cha kuandikia lebo tu: mahali, udongo, rangi ya ua, jina la aliyekusanya. Habari za vyeo na mishahara hamtazikuta humu. Nataka kuwaeleza habari ya mmea mmoja. Kwenye vitabu vya wataalamu imeandikwa kwamba umetoweka duniani, na kwamba uliangamizwa na kilimo cha muhogo huko Kafutuma. Yote mawili si kweli. Hilo la pili nimejua si kweli tangu siku lilipoandikwa, nikanyamaza.

Nilivuka kutoka Kilwa nikiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na Kifaransa cha shule na Kibemba cha kununulia samaki. Ofisi ya mimea ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa cha kukaushia, na kingine cha makabati ya chuma ambamo mimea mikavu hulala juu ya karatasi ngumu, kila mmoja na lebo yake. Mwenye ufunguo wa makabati alikuwa ba Chola (hiyo ba ni ya heshima, kwa wanaume na wanawake), mama mfupi aliyekulia Kabuta kwenye biashara ya samaki, ambako ndiko alikojifunzia Kiswahili chake. Hakuniuliza nimesoma nini. Alinipa jani la muhogo akaniambia nilikaushe.

Nililiweka kati ya magazeti, nikalibana kwa kibanio cha mbao mbili, nikakaza mikanda kwa nguvu zangu zote ili aone nina bidii. Kesho yake alifungua, akalitazama, akalitupa dirishani.

"Weye unakanyaga mumea, haukaushe," alisema. "Mumea iko kama mugonjwa. Unamulalisha muzuri, unamubadilishia shuka kila asubui."

Shuka zilikuwa magazeti. Nilikausha majani ya muhogo wiki nzima kabla hajaniruhusu kugusa kitu chenye jina la Kilatini. Wakati wa mvua tulibadilisha magazeti asubuhi na jioni, tukayaanika juu ya mbaula, lile jiko la makaa, na ole wako ukisinzia. Alinifundisha kuandika kwa penseli, kwa kuwa wino hukimbia mvua ikinyesha na penseli haikimbii. Tulinunua magazeti ya zamani kwa wauza samaki, kwa hiyo kila mmea uliotoka kwetu ulinukia samaki mkavu. Bwana mmoja wa ng'ambo aliwahi kutuandikia kwa heshima zote akiuliza kama harufu ile ni sifa ya jamii hiyo ya mimea. Ba Chola alicheka mpaka akakaa chini.

Sheria yake kubwa ilikuwa kuhesabu kabla ya kuchimba. Ukikuta mimea isiyofika ishirini, kata ua moja, chora yaliyobaki, tunguu, lile shina la chini linalofanana na kitunguu, liache ardhini. Na ku manda, yaani makaburini, hatukusanyi kitu. Mkusanyaji mmoja kabla yangu aling'oa jani juu ya kaburi, akafukuzwa kwa makasia hadi ndani ya maji na kibanio chake kichwani. Sheria ya makaburi niliishika miaka yote. Ile ya kuhesabu niliivunja mara moja tu.

Mmea wenyewe tuliuita ua la Kafutuma, kwa kuwa mzungu wa zamani aliyeukusanya kwanza aliandika hivyo kwenye lebo. Ua ni la manjano hafifu, kooni ni jekundu la kuiva. Mvua za kwanza zikigusa udongo linachomoza peke yake, bila jani, na baada ya siku nne au tano limekwisha. Lina ndugu yake upande wa Congo ambaye ua lake ni lile lile; tofauti iko kwenye tunguu. Ganda la ndugu ni laini, la kwetu lina nyuzi nyekundu. Asiye na tunguu mkononi hawezi kuapa ameona lipi. Ba Chola alikuwa amelitafuta tangu alipoajiriwa, na hakuwahi kuliona likiwa hai.

Msimu wangu wa pili wa mvua alishikwa na malaria, akanituma Kafutuma peke yangu kwa baiskeli. Nililikuta ukingoni mwa dambo, ile mbuga ya majimaji iliyo nyuma ya mashamba. Maua matano, yote kwenye eneo la mkeka mmoja. Nilizunguka mpaka jua likafika utosini nikitafuta la sita, sikuliona.

Nilijua sheria. Msinitafutie udhuru wa ujana, maana sheria hiyo ningeweza kuitamka usingizini. Lakini barua zilikuwa zimefika kutoka nchi tatu zikiomba nakala kavu za mmea huu, na kila nakala inataka tunguu lake. Wingu lilikuwa linapanda juu ya ziwa. Nami nilitaka sana ba Chola aniangalie kwa jicho lingine, si lile la majani ya muhogo. Nilichimba yote matano. Nawaambia kweli, nilikuwa na furaha nilipokuwa nikichimba.

Ba Chola aliyapokea amejifunga chitenge mabegani, bado anatetemeka kwa homa. Alivaa miwani, akagusa zile nyuzi nyekundu kwa ncha ya kidole, na machozi yakamtoka bila haya.

"Na ulibakisha ngapi?" akaniuliza.

"Mingi, bamayo," nikasema.

Akatuma mtu akaninunulie kinywaji cha munkoyo baridi, akaniita mwanawe.

Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, alitaka kuliona mwenyewe. Tulikwenda wawili. Pale pa maua palikuwa pamelimwa matuta ya muhogo, na mwenye shamba, ba Kaoma, alikuwa amesimama katikati na jembe lake, anatusubiri tueleze tunatafuta nini. Ba Chola alimweleza. Kisha akamuuliza kwa nini aliua maua.

"Nilipolima hapakuwa na maua, mukwai," alisema ba Kaoma. "Sikuona hata moja."

Alisema kweli, na kati yetu wawili wa ofisi ni mimi peke yangu niliyejua hivyo. Ningeweza kusema pale pale. Ba Chola alikuwa amekaa chini kwenye tuta, amefunika uso kwa mikono, nami nikaona kwamba nikisema, nitampoteza yeye pamoja na kazi. Nikanyamaza.

Taarifa iliandikwa: umetoweka kwa sababu ya kilimo. Ofisi yetu ikamzuia ba Kaoma kulima sehemu ile kwa msimu mzima, labda tunguu lingine lingechipuka. Halikuchipuka. Nilisikia kwamba mwaka ule watu wa nyumba yake walikwenda kuomba unga kwa shemeji. Sikuthubutu kupita Kafutuma kwa muda mrefu, na nilipolazimika kupita nilipita upande wa pili wa barabara. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinichukua maisha yote ya kazi.

Miaka iliyofuata nilitafuta ua lile kwa bidii ambayo wenzangu waliisifu bila kujua inatoka wapi. Kila mvua za kwanza nilikuwa njiani kwa baiskeli, kwa boti, kwa miguu. Nilikuwa na karatasi yenye picha ya mmea mkavu, na swali moja nililolirudia kila kambi ya wavuvi: mumeona hii mu pori? Watu waliitazama ile picha ya kahawia, wakatikisa kichwa. Hapana, tata. Mu pori haina. Nikaandika: haupo. Nina madaftari mengi yenye neno hilo.

Ba Chola alistaafu, akarudi Kabuta. Nilikuwa nikimtembelea na sukari na sabuni, na kila mara nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Mara ya mwisho alikuwa kitandani, amepungua sana.

"Ile maua yetu," alisema. "Tulichelewa, mwanangu. Tungefika mbele ya jembe."

Nilimshika mkono. Sikumwambia. Alizikwa juma lililofuata, na niliona aibu pembeni mwa kaburi lake kuliko nilivyoona huzuni. Bado naiona. Baadaye ua lile likaingizwa kwenye kitabu cha mimea iliyokwisha duniani, na chini ya maelezo limeandikwa jina la mtu wa mwisho aliyelikusanya. Jina hilo ni langu.

Mwaka juzi alifariki mwendesha boti wetu, ba Mulenga, mtu aliyenivusha mara zisizohesabika bila kuniuliza maswali. Kwao kulikuwa kambi moja ya kisiwa cha Chisenga. Kambi gani, sitasema, na mtaelewa kwa nini. Nilikwenda kumzika kama ndugu wa marehemu, na suti na viatu vyembamba, bila kibanio. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha siku nne kabla.

Tulipomaliza kumfunika, wanaume walikwenda kunawa mikono ziwani. Mimi nilibaki nyuma kwa sababu kiatu kilikuwa kimejaa mchanga. Kwenye kona ya makaburi palikuwa na vituta vifupi vifupi, vimezungushiwa vijiti na nyavu kuukuu ili mbuzi wasifike. Juu ya kila kituta kulikuwa na ua la manjano hafifu, lenye koo jekundu.

Nilipiga magoti mchangani nikiwa na suti yangu. Mkono ulikwenda wenyewe mfukoni kutafuta kisu cha kuchimbia, na nyuma yangu sauti ikasema, "Tata, usigushe."

Alikuwa mama wa makamo, mfanyabiashara wa samaki kutoka ng'ambo ya Congo, niliyekuwa nimemwona akipika kwenye matanga. Nilisimama, nikamwonyesha mikono mitupu, nikamuuliza maua yale ni ya nani.

"Ya batoto," alisema. "Ile ya mwisho iko ya Ilunga wangu. Homa njo ilimubeba. Miye njo Mama Ilunga."

"Pole, mama. Muliyatoa wapi?"

"Ilitoka Kafutuma, zamani, mbele ya miye kuolewa. Mama moja alikuwa amezika mutoto, akachimbula kule, akaleta apa. Ikizaa kadogo mu bulongo, unapatia mama mwingine mwenye kuzika. Hatuuzishe. Na hatupatie mutu bure bure."

Nilimuuliza kama yapo pia porini.

"Hapana. Pori haina. Iko ku malalo tu." Akanitazama vizuri. "Mais weye nakujua. Ulikuya apa na karatasi yako. Uliuliza kama iko mu pori. Tulikuambia hapana."

"Juu ya nini hamukuniambia iko huku?"

"Uliuliza ya malalo?" alisema bila ukali. "Na mutu mwenye kisu ya kuchimba, nani atamuonyesha malalo ya mutoto wake?"

Vijana wangu, tulikuwa na sheria ya kutogusa makaburi, na ilikuwa sheria nzuri. Kosa letu ni kwamba tuliigeuza kuwa sheria ya kutotazama. Na sisi wenyewe tulikuwa tumewauliza akina mama hao swali ambalo jibu lake la kweli lilikuwa hapana, wakatujibu kweli, tukaandika umekufa.

Nilimweleza Mama Ilunga habari za kitabu. Alisikiliza huku akichomoa magugu machanga kwenye kituta cha mwanawe.

"Donc mu kitabu yenu ilikufa?"

"Ndiyo, mama."

"Na nani alisema ilikufa?"

Hapo nilimwambia. Nilimwambia habari ya matunguu matano, na uongo wangu kwa ba Chola, na njaa ya ba Kaoma. Alikuwa mtu wa kwanza kusikia kutoka kinywani mwangu. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu hakunijua, labda kwa sababu tulikuwa mahali ambapo watu hawajifanyi wakubwa. Nilimuomba tunguu moja, moja tu, la kuthibitisha kwamba ua liko hai. Aliacha kung'oa magugu.

"Weye, tata," alisema, "ulizika mutoto?"

Habari hii sikuwaandikia hapo juu kwa sababu haikuwa ya kazini. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kike, Chanda. Alikuwa ameanza kutembea, akishikilia ukuta. Homa ilimkamata mvua zilipoanza, nami nilikuwa mbugani natafuta ua, mahali pasipo simu wala barabara. Nilirudi siku ya tatu na kibanio kimejaa, nikamkuta ameshazikwa. Mke wangu hakunilaumu, na mimi sikumuuliza kitu. Kwetu hapa mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mwila, mdogo wake Chanda, alipozaliwa, majirani kwa wema wao wakaanza kutuita Bana Mwila na Bashi Mwila, mama na baba wa Mwila, nasi tukaitika. Jina la Chanda halikutamkwa tena nyumbani mwetu.

"Ndiyo," nikamwambia Mama Ilunga. "Wa kike. Chanda."

Alipiga magoti, akafukua mchanga kwa vidole kando ya ua la mwanawe, polepole, akatoa kitunguu kidogo kisichozidi ukucha wa dole gumba. Alikipangusa kwa upindo wa nguo. Niliona zile nyuzi nyekundu. Nilikuwa sijaziona mbichi tangu ujana.

"Hii ni ya Chanda," alisema, akaniwekea kiganjani. "Haiko ya kitabu."

Akaniruhusu pia niokote ua moja lililokwisha kuanguka lenyewe, na kupiga picha kwa simu. Nilimshukuru kwa Kiswahili, kwa Kibemba, na kwa Kifaransa, maana hakuna lugha moja iliyonitosha.

Sasa nitawaambia nilivyokuwa ndani ya boti, na msinidhanie mema. Tunguu lilikuwa kwenye leso mfukoni, na kichwani mwangu lebo ilikuwa inajiandika yenyewe: mahali, udongo, rangi ya ua. Kwa tunguu lile moja kitabu kingerekebishwa. Ningestaafu kama mtu aliyelirudisha ua la Kafutuma, na hakuna ambaye angeuliza tena lilipoteaje. Uongo wangu ungefutika bila mimi kuukiri. Mama Ilunga hasomi vitabu vyetu, asingejua kamwe. Tulipofika katikati ya ziwa nilikuwa nimeshaamua kulikausha.

Nilifika nyumbani viatu mkononi. Mke wangu alinipokea kwa maji ya kunawa, kama ifaavyo kwa mtu atokaye msibani, akaona jinsi nilivyoishika ile leso.

"Umebeba nini, Bashi Mwila?"

Jibu lilikuwa tayari: tunguu la kazi. Kwa miaka yote hiyo angesema haya, akaendelea na mapishi. Nilifungua kinywa, nikashindwa. Nilikuwa nimechoka kudanganya wanawake wanaoniamini. Nikamweleza yote kuanzia mwanzo, pale pale mlangoni, mpaka maneno ya Mama Ilunga kwamba kile kitu ni cha Chanda.

Alikaa kwenye kizingiti. Aliichukua leso, akaifungua, akakitazama kile kitunguu kwa muda mrefu. Hakulia, na hakusema kitu juu ya ba Chola wala ba Kaoma. Akakiweka ndani ya kikombe cha bati na udongo kidogo, akakifunika.

Asubuhi tulikwenda makaburini. Ni lazima nikiri kwamba sikujua kituta cha mwanangu ni kipi. Nyasi zilikuwa zimeota kila mahali, na vijiti vya alama vililiwa na mchwa zamani. Mke wangu hakusita hata mara moja; alipita kati ya makaburi kama mtu anayekwenda jikoni kwake, akasimama, akasema, "Ni hapa." Kumbe alikuwa anakuja. Miaka yote, siku nilizokuwa mbugani, alikuwa anakuja. Alichimba mwenyewe kwa kijiko, na mimi, niliyechimba maisha yangu yote, nilisimama nimeshika kikombe. Nililia kwa sauti. Hakuninyamazisha.

Juma lile nilikwenda Kafutuma, upande sahihi wa barabara. Ba Kaoma yuko hai, mzee sana, macho yamefifia. Nilipiga magoti mbele yake nikamwambia yale maua niliyachimba mimi, na yeye alisingiziwa.

"Nilijua," alisema.

Nikashtuka. Nikamuuliza alijuaje.

"Nilipolima nilikuta mashimo matano, mukwai. Madogo, ya kisu, yamechimbwa vizuri. Panya hachimbi hivyo. Na ulipokuja na yule mama, uliitazama ardhi pale pale, kabla hajaniuliza chochote."

"Kwa nini hukusema, tata?"

"Ninyi mulikuwa na ofisi," alisema. "Mimi nilikuwa na jembe."

Nilimwomba msamaha, akasema amenisamehe zamani, siku muhogo ulipokubali tena. Nilimwambia nitaandika ukweli ili jina lake litoke kwenye ile taarifa. Akauliza kama watu wanaosoma taarifa hizo wanamjua. Nikasema hapana. "Basi uwaandikie wanangu," alisema. "Wao wananijua." Nakala ya kwanza ya maandishi haya imekwenda kwao.

Picha na ua lililoanguka nilizituma kwa wataalamu, pamoja na barua ya kueleza kosa langu. Walijibu kwa adabu. Kosa limepokelewa na litaongezwa kwenye maelezo. Kuhusu ua, walisema kile ninachokijua kuliko wao, kwamba bila tunguu haiwezekani kulitofautisha na ndugu yake, na wakaomba niwaelekeze mahali ili watume watu. Sikuwaelekeza. Watu wakija na majembe na sifa kwenye makaburi ya watoto, hata kama nia yao ni njema, Mama Ilunga atakuwa amenipa tunguu lile bure. Kwa hiyo kitabu bado kinasema umekufa, na jina langu bado liko chini yake. Mutale ananiambia sayansi imepata hasara. Yuko sahihi, na namheshimu kwa kunibishia. Atakapopata njia ya kulithibitisha kwa ruhusa ya akina mama wenyewe, na afanye, kazi ni yake sasa. Ninachomuomba ni aanze kwa kuuliza, na akishauliza, anyamaze asikilize mpaka mwisho.

Mwaka wa kwanza kitunguu hakikutoa ua. Nilidhani nimekiua, nikasema basi, hiyo ndiyo tabia yangu na mmea huu. Mwaka huu mvua zilianza siku chache kabla sijakabidhi ufunguo wa makabati. Mke wangu alitangulia makaburini, akarudi karibu anakimbia, na umri wake ule. Lilikuwa limetoka.

Mutale aliomba kuliona. Tulikwenda watatu. Kwa mazoea alikuwa amebeba kibanio begani. Alipofika penye makaburi alikishusha mwenyewe, akakiacha kando ya njia. Ua lilikuwa limesimama kwenye udongo mtupu, dogo, la manjano, na tone la mvua lilikuwa bado kooni. Mutale aliinama akalitazama. Kisha akatoa simu yake, akasita.

"Bana Mwila," alisema, "mutaniruhusu nipige picha?"

"Piga," mke wangu akajibu. "Lakini hapa mimi ni Bana Chanda."

Mutale hakuwahi kulisikia jina hilo. Alitutazama, mmoja baada ya mwingine, kisha akalitazama kaburi, akaelewa. Akairudisha simu mfukoni. Alipiga goti kwenye matope, akapiga makofi ya taratibu kama tunavyowasalimia wakubwa, akamsalimia mke wangu upya kwa jina lile. Halafu akanigeukia mimi kwa salamu ile ile.

"Mwapoleni, Bashi Chanda."

Kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna mtu aliyeniita hivyo. Nikaitika.